Wanaoizika Bendi Ingali Hai

Imeenea miongoni mwa wapenzi wa muziki wa dansi itikadi moja ambayo, kwa kuwa husemwa kwa huzuni na adabu, aghalabu hupokewa pasi na kudadisiwa: kwamba bendi kongwe ikishafiwa na waimbaji wake mashuhuri, nayo imekwisha kufa, na kinachopanda jukwaani ni jina tupu walilovishwa watu wengine. Mwambie mwenye itikadi hiyo kwamba wakusudia kutoka Tanga Jumamosi asubuhi, upande basi la kupitia Segera na Chalinze, ukalale gesti Kariakoo kwa ajili tu ya kuwasikiliza Msondo Ngoma, naye atakutazama kwa huruma na kukuuliza unamwendea nani, maadamu TX Moshi William alifariki mwaka 2006, Muhidin Maalim Gurumo akafuata mwaka 2014, na Shaaban Dede mwaka 2017. Kisha atakunasihi ubaki nyumbani na simu yako, usikilize nyimbo zilizorekodiwa Redio Tanzania zama zile, ati huo ndio muziki wenyewe.

Kauli hiyo ni batili, na madhara yake si haba.

Anayeidai bendi asilia na atubainishie kwanza ni ya mwaka gani. Bendi hii iliasisiwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaitwa NUTA Jazz. Chama kilipogeuka JUWATA nayo ikageuka, ikaja kuwa OTTU, hata mwisho ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo. Gurumo huyo ambaye leo anafanywa kuwa ndiye roho ya bendi aliiacha mwaka 1978 akaenda kushiriki kuiasisi Mlimani Park, yaani Sikinde, na mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound, asirejee Msondo ila baada ya miaka. Je, muda wote huo Msondo ilikuwa maiti, ikafufuka siku aliporudi? Na Dede, aliyeimba kote kuwili, Msondo na Sikinde, alikuwa asilia wa wapi? Ukweli ni kwamba kuhama kulikuwa desturi ya kazi yenyewe: ala zilikuwa mali ya chama au shirika, mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi, naye akiondoka aliliacha gita pale alipolikuta, akaja mwingine akalishika. Bendi zetu ziliundwa hivyo tangu mwanzo, ziwe na umri mrefu kuliko watu wake. Imamu akifariki, jamaa hawaufungi msikiti.

Wala mfano huu si wa Dar es Salaam peke yake. Salum Abdallah alipofariki kwa ajali mwaka 1965, bendi yake, Cuban Marimba ya Morogoro, haikuzikwa naye. Juma Kilaza aliiongoza, na wako wanaoipenda kwa zama za Kilaza hasa. Unguja nako kuna Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ambayo waasisi wake wote wamekwisha kurudi kwa Mola zamani za babu zetu; lakini sijapata kumsikia mpenzi wa taarabu akisema kwamba aisikilizaye leo anasikiliza jina tupu. Sijui kwa nini mkung'uta kanuni apewe urithi ambao mpiga gita la solo ananyimwa.

Ama hizo rekodi za Redio Tanzania, mimi nazienzi kama mtu yeyote. Lakini ni muhtasari. Wimbo ulibanwa uenee katika nafasi ya redio na santuri, ilhali ukumbini, beti zikishakwisha, ndipo huja chemko: waimbaji wananyamaza au wanarusha vibwagizo, tarumbeta na saksafoni zinaitana, magita yanasukana, besi inashuka, na urefu wa wimbo huamuliwa na miguu ya wachezaji, si na saa ya fundi mitambo. Tena hayo hutokea usiku ukiwa umekwisha kuwa mkubwa. Anayetazama saa ili awahi kurudi kwao husikia dibaji tu, na ndiyo maana safari ya kulala si israfu. Ni sharti la kusikia.

Sikatai kwamba ziko nyakati spika zinakoroma, na kwamba wako vijana wanaoiga koo za marehemu badala ya kuimba kwa zao. Hayo ni ya kuwalaumu wahusika kwa majina usiku huo huo, kama wazee walivyolaumiwa ujanani mwao, wala si hati ya kifo.

Sisi watu wa Tanga tungestahili kuwa wa mwisho kusema kwamba Msondo imekufa. Tulikuwa na Atomic Jazz, tulikuwa na Jamhuri Jazz, na leo atakaye kuzisikia hana ukumbi wa kuuendea, hana kijana wa kumsifu wala wa kumkosoa, ana kanda tu. Hivyo ndivyo ilivyo bendi iliyokufa. Msondo ingali ikipiga, na zama za mshahara wa chama zimepita. Aghalabu kinachomlisha mpuliza tarumbeta ni pesa za mlangoni na tunza za wachezaji. Mwenye kubaki nyumbani akimlilia Gurumo hampunguzii Gurumo chochote wala hamzidishii. Anayekosa haki yake ni yule kijana aliyefunzwa na watu waliopiga na Gurumo, anayesimama pale mbele ya viti vitupu.