Tiyo ya freni si kamba ya kufungia mzigo

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Kuna kazi inayofanyika pembeni ya barabara za Goma ambayo inapaswa kukomeshwa. Fundi anashika tiyo ya freni ya mafuta, anaikata kwa koleo, anaichomeka tena kwa nguvu, anaongeza mafuta yoyote yaliyo karibu, kisha anamwambia mwenye kinga: "Imepona, papa, nenda." Haijapona. Mtu anayeondoka pale amepanda kinga isiyo na freni, ila bado hajui. Atajua siku anaposhuka kutoka Kibumba akiwa na gunia la makala nyuma yake na lori limesimama mbele.

VTT hizi za mitumba zenye freni za diski ni kinga nzuri, hakuna anayebisha. Zina matairi mapana yanayovumilia mawe ya volkeno, na zikiwa nzima zinasimama hata kwenye tope. Lakini wanaozipanda hapa si watu wa michezo kama wale waliotengenezewa huko Ulaya. Ni kijana anayebeba mashu na viazi, ni baba aliyekimbia Rutshuru au Masisi akaacha shamba na mifugo, akabaki na kinga tu. Kwa familia ya namna hiyo kinga ndiyo shamba. Asubuhi inabeba bidoni za maji, mchana mzigo wa mtu mwingine kwa malipo, na usiku mtoto mwenye homa akipelekwa kwenye kituo cha afya. Akianguka mwenye kinga akavunjika mguu, nyumba nzima imelala njaa.

Mji huu umejenga sanamu ya chukudu, na ilistahili. Mwendesha chukudu anaijua freni yake yote: kipande cha mpira wa tairi juu ya gurudumu la nyuma, mguu unakanyaga, mwendo unapungua. Mpira ukiisha anauona kwa macho, anakata mwingine. Freni ya mafuta haimpi mtu nafasi hiyo. Mkono wa freni unasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pistoni ndogo kule chini kwenye gurudumu, na plaketi mbili zinabana diski. Nguvu yote hiyo inapita ndani ya tiyo yenye unene wa milimita 5 hivi. Mafuta hayabanwi, ndiyo maana yanafanya kazi. Hewa inabanwa. Povu dogo likiingia mahali palipokatwa vibaya, mkono wa freni unakuwa laini kama sponji, na kwenye mteremko unagusa usukani kabla gurudumu halijasikia chochote.

Kwa nini basi watu wanakata? Kwa sababu tiyo nyingi ni ndefu kupita kiasi. Kiwandani huwekwa ndefu ili zitoshe na kwenye kinga kubwa. Zikifika hapa, usukani unapunguzwa ili kinga ipite kwenye msongamano wa Birere, au unashushwa, na tiyo inabaki imejikunja mbele kama mkia wa nyoka. Wengine wanataka freni zibadilishwe mikono. Kwenye moto, mkono wa kulia ndio unaoshika gurudumu la mbele. Kwenye VTT iliyotoka Ufaransa au Ubelgiji mkono wa kulia unashika la nyuma. Mtu aliyezoea moto anachanganyikiwa, na haja yake ni ya haki. Lakini tiyo zikihamishwa upande, moja inakuwa ndefu na nyingine inavutika, na hapo koleo linatoka mfukoni.

Tiyo ndefu peke yake si ugonjwa. Ikifungwa vizuri kwenye fremu, mbali na tairi na mbali na diski, inaweza kukaa hivyo miaka. Hatari ni pale inaponing'inia na kunasa kwenye mti au kwenye mfuko wa mpita njia, au inapoingia kwenye gurudumu la mbele. Na kuna upumbavu mwingine unaoonekana kila soko: kuifunga tiyo pamoja na mzigo kwa vipande vya mpira, gunia juu, tiyo chini. Gunia linaikunja, linaisaga, mpaka siku inapasuka. Kati ya tiyo ndefu iliyofungwa vizuri na tiyo fupi iliyokatwa vibaya, anayependa maisha yake achague ile ndefu. Fundi asiyejua kufupisha hapungukiwi heshima akisema hivyo kwa mteja.

Anayejua anafanyaje? Kwanza hakati kitu. Anageuza usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto, na kama kinga ina chemchemi ya nyuma anaibonyeza mpaka chini, aone tiyo inavutika kiasi gani. Ya mbele anaipitisha kwenye vishikio vyake kando ya mguu wa uma, isiguse tairi hata uma ukizama. Ndipo anapima, anaacha ziada kidogo, na anapima tena, kwa sababu tiyo iliyokatwa fupi hairudi kuwa ndefu. Anakata upande wa mkono wa freni, si upande wa gurudumu, na anakata kwa kisu kikali sana au kikatio chake, moja kwa moja, uso wake uwe sawa. Koleo haliikati tiyo. Linaiponda kwanza, tundu linakuwa la yai, na hakuna nati duniani itakayoziba tundu la yai.

Halafu kuna vitu viwili vidogo ambavyo mafundi wengi wa barabarani wanavirudisha vilevile vya zamani, na hapo ndipo ajali inapozaliwa. Kimoja ni kipete cha shaba ambacho waliojifunza kwa Kifaransa wanakiita olivi. Nati ikikazwa, olivi inajibana juu ya tiyo na kuziba. Ikishajibana mara moja, imekwisha. Tiyo mpya inataka olivi mpya. Cha pili ni kijiti cha chuma chenye tundu kinachogongwa ndani ya tiyo ili isijikunje nati inapoibana. Bila hicho, tiyo inaweza kuchomoka mtu anapobana freni kwa nguvu zote, yaani katika dakika ileile anayoihitaji kuliko zote. Vitu hivi vinauzwa kulingana na aina ya tiyo, na cha aina moja hakitoshi kwenye nyingine. Fundi asiye navyo asianze kazi.

Tuje kwenye mafuta. Freni za Shimano, Magura na Tektro zinatumia mafuta ya madini. Freni nyingi za SRAM, na za Hayes, zinatumia DOT, jamii ileile inayowekwa kwenye moto na magari. Mara nyingi imeandikwa kwenye kifuniko cha chombo kidogo cha mafuta kwenye mkono wa freni. Sasa, kwa sababu DOT inapatikana kwa kila muuza vipuri vya moto, inamiminwa kila mahali. Ikiingia kwenye freni ya mafuta ya madini inaharibu vipira vya ndani. Mteja haoni kitu siku hiyo. Baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa mkono unagoma kurudi au mafuta yanaanza kuvuja, na fundi anasema, "Nilikutengenezea vizuri, wewe ndiye umeharibu."

Wengine wanaongeza mafuta ya kupikia, wengine maji. Kwenye mteremko mrefu freni inapata joto kali, na hapa Goma, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, maji yanachemka karibu na nyuzi 95. DOT 4 ikiwa mpya inapaswa kuvumilia angalau nyuzi 230. Maji yakichemka ndani ya freni yanakuwa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Mafuta ya kupikia ni ya sombe.

Mafundi wana jibu lao, nalo linastahili kusikilizwa: mteja anakuja na franka chache, anaharakisha, hataki kungoja olivi itafutwe mjini, na asipohudumiwa anakwenda kwa fundi wa pili ambaye atakata bila kuuliza. Ni kweli. Mwenye kinga naye ana mzigo wake katika jambo hili. Anabishana nusu saa kuhusu bei ya freni, kisha jioni ananunua kredi ya simu bila neno. Lakini umaskini wa mteja haumpi mtu ruhusa ya kumuuzia ajali. Mtu aliyepoteza nyumba yake kwa vita hawezi kuambiwa kwamba freni ya kweli ni ya wenye pesa.

Na njia ya bei ndogo ipo. Freni ya diski ya waya inafungwa kwenye fremu ileile na inabana diski ileile. Kinachobadilika ni kile kibanio cha chini, mkono wa freni na waya wenyewe. Waya ukikatika, unapatikana kwa muuza vipuri yeyote wa kinga. Fundi yeyote anaweza kuukata na kuukaza, na ukianza kuchakaa nyuzi zake zinaonekana. Haibani vizuri kama ya mafuta iliyo nzima, lakini inabana kuliko ya mafuta iliyojaa hewa. Muuzaji mwaminifu wa VTT za mitumba angemwambia hivyo mtu anayekwenda kubeba magunia. Na mradi wowote unaotaka kugawa kinga kambini au vijijini, ugawe za waya, ama ulete pamoja nazo mafuta yake, olivi zake na mtu wa kufundisha.

Kwa yule ambaye kinga yake imeshakatwa, ukaguzi hauhitaji pesa. Abane mkono wa freni kwa nguvu zote na aushikilie kwa dakika nzima. Ukizama polepole, kuna mahali panavuja, au hewa imo. Afunge karatasi safi juu ya nati wakati anabana; karatasi ikilowa mafuta, kinga isitoke uwanjani. Aangalie na plaketi, maana zikishaloa mafuta haziponi kwa kufutwa na shati, zinatupwa.

Na kabla franka hazijatoka mfukoni, fundi apande yeye wa kwanza. Gunia liwekwe nyuma, achague mteremko wowote ulio karibu, ashuke na asimame pale chini huku mwenye kinga akimwangalia. Akikataa, mteja asilipe.