Kuua Si Mchezo

Kampuni ya Sony ilinunua kampuni ya sinema ya Columbia mwaka 1989. Mwaka 1994 ikaingia katika michezo ya video kwa mashine iitwayo PlayStation. Mwaka 2000 ikatoa ya pili. Mwaka huohuo bei ya koltani, madini ya kutengenezea vyombo kama hivyo na simu, ilipanda sana, na hapa Kivu wenye bunduki waligombea machimbo. Faida ilikwenda mbali. Makaburi yalibaki kwetu.

Hatukatazi watoto kucheza. Lakini sisi wa Butembo na Beni, tuliozika wengi tangu mauaji ya 2014, hatukubali kuuziwa mauaji kama burudani. Wazazi, utazameni kwanza mchezo mnaoununua. Nanyi wenye kampuni, semeni wazi: madini yenu yametoka shimo gani?