TAHARIRI: TUSILIPE HELA KUBEBEWA MAJANI



Mkutano wa Kijiji unaokuja utaletewa pendekezo kwamba kila kaya ilipe ada ya taka kila mwezi. Maneno yameshaanza barazani na kisimani. Mmoja anasema, "Hela ya nini, shimo si ninalo nyuma ya nyumba?" Mwingine anasema walipe wenye maduka tu. Chama hakiwezi kunyamaza, maana watakaolipa ni sisi.

Kwanza tuzitazame taka zenyewe. Nyingi ni maganda ya mihogo, majani ya mikorosho, vichwa vya samaki, majivu na makumbi ya nazi. Hizo ni mali. Zinazooza zikifukiwa zinakuwa mboji ya bustani, na makumbi ni kuni. Kumlipa mwenye mkokoteni akubebee majani ni hasara mara mbili: hela imekwenda, na mbolea imekwenda.

Taka inayotushinda ni ile isiyooza: chupa za plastiki, vipande vya nyavu, betri za tochi, vioo na pampasi. Ukiifukia, jembe linaikuta. Ukiichoma plastiki, moshi wake ni sumu, na anauvuta mtoto wako. Ukiitupa korongoni, masika yanaipeleka mikokoni na baharini. Makopo yakishika maji, mbu wa dengue wanazaliana humo. Bahari yetu tangu mwaka 2000 ni Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Haifai mvuvi akatazwe nyavu haramu, halafu sisi sote tuifanye bahari hiyo jaa.

Basi tulipe? Tunasema ndiyo, ila kwa masharti matatu.

Moja. Ada iwe ya taka isiyooza tu. Kila nyumba itenge: zinazooza shimoni, zisizooza kwenye gunia. Hapo mkokoteni hauna haja ya kupita kila siku, na ada itakuwa ndogo.

Mbili. Iwe kwa sheria. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, lakini ni lazima wanakijiji tushirikishwe mkutanoni na Halmashauri ya Wilaya iidhinishe. Kabla ya hapo mtu asigongewe mlango usiku kudaiwa. Na wazee wasiojiweza wasamehewe, majina yao yakubaliwe mbele ya mkutano, si kwa kujuana.

Tatu. Hesabu ibandikwe kwenye ukuta huu huu kila mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mwezi ambao mkokoteni haukupita, hela isidaiwe.

Wapo wanaosema mazoea hayabadiliki. Mbona yalibadilika? Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakainuka wakachimba vyoo. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Watu walinung'unika kwamba soko litakufa. Halikufa, kikapu kilirudi mkononi.

Tena tazameni chupa ya soda ya kioo. Haizagai njiani, kwa sababu mwenye duka anaidai. Ile ya plastiki haina wa kuidai. Kwa hiyo tunaiomba Serikali: mwenye kuitengeneza achangie gharama ya kuirudisha. Si haki faida iende kiwandani, chupa tupu ibaki kwa mkulima.

Wakati tunasubiri, tusikae bure. Wanunuzi wa chakavu huchukua chupa za plastiki kwa kilo. Mtu mmoja na chupa zake tano hapati kitu. Chama kitenge kona ya ghala, chupa zikusanywe, mzigo ukijaa uuzwe kwa pamoja, kama tunavyouza korosho. Fedha hiyo iingie kwenye mfuko wa taka na ipunguze ada.

Jamani, njooni mkutanoni, akina mama na vijana pia. Kila aliyetimiza miaka 18 ana sauti. Asiyekuja asije akalalamika mlangoni pake siku ya kudaiwa.

Umoja ni nguvu. Usafi ni kazi yetu sote.