Likizo ya mjamzito: Kutoka Al Khuwair hadi Zanzibar, hesabu ya wiki haikubaliani na sheria

Kila mwaka joto la Muscat linapopindukia nyuzi 40 na shule zikafungwa, familia nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Al Khuwair na vitongoji vya jirani hufunga mizigo kuelekea Unguja, Pemba, Dar es Salaam na Mombasa. Miongoni mwa wasafiri hao huwemo wanawake wenye mimba ya miezi saba au minane. Kwa jina safari hiyo huitwa likizo, lakini kwa wengi wao ni safari ya kwenda kujifungulia kwa mama.

Mjadala kuhusu safari hizo huishia kwenye swali moja tu: Je, ndege ni hatari kwa mimba? Hilo ni swali jepesi kuliko yote. Maswali mazito ni mengine: uchungu ukianza kabla ya wakati mama atakuwa wapi, nani atalipa, na mtoto atarudi Oman kwa karatasi gani? Ukiziweka pamoja kanuni za mashirika ya ndege, sheria ya kazi ya Oman na taratibu za uhamiaji, utaona kwamba zimetungwa kana kwamba safari hii haipo, ilhali watu wanaisafiri kila mwaka.

Kwa nini wanasafiri

Al Khuwair ni mtaa wa ofisi na makazi. Zipo wizara za serikali, balozi haziko mbali, na nyuma ya barabara kuu ya Sultan Qaboos yamepangana majumba ya kupangisha, mikahawa na maduka. Kiswahili si lugha ngeni Muscat. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, maelfu ya watu waliozaliwa au kulelewa Afrika Mashariki walihamia huko. Baadaye wakaongezeka wafanyakazi kutoka Tanzania, Kenya na Uganda.

Wengi wao wamehama na mila zao. Katika mwambao, binti mwenye mimba ya kwanza hurudi kwa wazazi wake. Huko hukandwa kwa maji moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na hukaa arobaini yake bila ya kuulizwa chakula cha jioni kiko wapi. Katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili Al Khuwair, mume akiwa kazini toka asubuhi hadi jioni, hakuna wa kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo wanaowalaumu wanawake hawa kwamba wanapenda anasa hawajalielewa jambo lenyewe.

Mlango wa ndege hufungwa wiki ya 36

Mimba huhesabiwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mashirika mengi ya ndege humpokea mjamzito bila ya masharti hadi wiki ya 28. Kuanzia hapo hutaka barua ya daktari inayotaja tarehe ya kujifungua, kama ni mtoto mmoja au mapacha, na kwamba hakuna tatizo linalomzuia kuruka. Mwenye mtoto mmoja hukataliwa baada ya wiki ya 36, na mwenye mapacha baada ya wiki ya 32. Kila shirika lina tofauti zake ndogo, na kinachohesabiwa ni wiki atakazokuwa nazo siku ya safari, si siku ya kukata tiketi. Wapo wanaosahau kwamba sharti hilo linahusu pia tiketi ya kurudi.

Kwa mimba isiyo na matatizo, safari ya zaidi ya saa tano kutoka Muscat hadi Zanzibar haina hatari kubwa angani. Hatari inayojulikana ni damu kuganda miguuni, kwa kuwa mimba yenyewe huongeza uwezekano huo na kukaa muda mrefu bila kujinyoosha huzidisha. Ndiyo maana wajawazito huambiwa wanywe maji, watembee ndani ya ndege na mkanda waufunge chini ya tumbo. Wasiofaa kusafiri ni wenye shinikizo la damu lililopanda, waliotokwa na damu, wenye kondo la nyuma lililokaa chini, na wenye upungufu mkubwa wa damu. Kwa watu wetu ni lazima kutaja pia ugonjwa wa selimundu, unaopatikana kwa wingi Oman na Afrika Mashariki vilevile. Mwenye ugonjwa huo asipange safari kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Sheria ya kazi hufunguliwa wiki ya 38

Hapa ndipo penye kasoro ambayo haizungumzwi. Sheria mpya ya kazi ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 53 ya mwaka 2023, iliongeza likizo ya uzazi kutoka siku 50 hadi siku 98. Hiyo ilikuwa hatua kubwa na ya kupongezwa. Siku 98 ni wiki 14, kiwango kilekile kilichowekwa na mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000. Tangu Julai 2024 malipo ya likizo hiyo yamewekwa chini ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, na bima hiyo ya uzazi inawahusu wafanyakazi wageni pia.

Lakini katika siku hizo 98, zinazoweza kuchukuliwa kabla ya kujifungua ni 14 tu, tena kwa ushauri wa daktari. Maana yake, mfanyakazi wa kike huanza likizo yake ya uzazi akiwa na wiki 38. Wakati huo mlango wa ndege umeshafungwa wiki mbili nyuma.

Basi anayetaka kwenda kujifungulia nyumbani hana budi kutumia likizo yake ya mwaka, ambayo kwa sheria hiyo ni siku 30. Akitaka kuondoka akitimiza wiki 35, atakula siku 21 kati ya hizo 30. Hii ndiyo sababu mwajiri huandikiwa fomu ya likizo ya kawaida, na ndiyo sababu ya jina hilo la "likizo". Mwenye siku zilizobaki husafiri mapema na kwa usalama. Aliyezimaliza hushawishika kusogeza tarehe, au kutafuta barua inayopunguza wiki, jambo ambalo ni hatari kwake, kwa mtoto na kwa abiria wenzake.

Dawa ya kasoro hii haihitaji fedha mpya. Mwanamke angeruhusiwa kuchagua kuanza likizo yake akiwa na wiki 35, angetumia siku 35 kabla ya kujifungua na kubaki na siku 63 baada yake. Hizo bado ni nyingi kuliko wiki sita za lazima baada ya uzazi ambazo mkataba wa Shirika la Kazi Duniani unazitaka. Siku ni zilezile 98, na Mfuko haulipi hata baisa moja zaidi. Kinachobadilika ni kwamba anayechagua ni mama mwenyewe.

Baada ya kutua

Kwa wastani, mtoto mmoja kati ya kumi duniani huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Kwa hiyo anayesafiri na wiki 33 au 34 asihesabu uzazi wa mapema kuwa ni jambo la mbali. Al Khuwair iko karibu na Hospitali ya Royal, moja ya hospitali kubwa za rufaa nchini Oman, na vifo vya uzazi nchini humo ni chini ya 20 kwa kila vizazi hai 100,000.

Tanzania nayo imepiga hatua ambayo haifai kubezwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitunukiwa tuzo ya Wakfu wa Gates kwa mafanikio hayo. Hata hivyo wastani wa nchi haumsaidii mtu mmoja aliye mbali na hospitali. Kujifungulia jirani na Muhimbili au Mnazi Mmoja ni jambo moja, na kujifungulia kijijini Pemba, ambako mtoto njiti mwenye shida ya kupumua huenda akahitaji kuvushwa bahari, ni jambo jingine.

Kisha kuna malaria. Zanzibar ilikuwa imeipunguza sana, lakini wagonjwa waliongezeka tena mwaka 2023 na 2024, na mikoa ya bara kama Kigoma, Tabora na Mtwara bado ina maambukizi mengi. Mwanamke aliyekulia Muscat hana kinga ya mwili dhidi ya ugonjwa huo, na aliyekaa huko miaka mingi kinga yake imepungua, hata kama alizaliwa Wete. Mwenye mimba ndiye malaria humwangusha haraka zaidi. Chandarua si cha wageni wa Kizungu peke yao.

Kuhusu gharama, tangu Oktoba 1, 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kununua bima ya safari ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar. Mwenye pasipoti ya Oman ni mgeni kwa kanuni hiyo, hata kama babu yake amezikwa Mwanakwerekwe. Kabla ya kuitegemea bima yoyote, iwe hiyo au ya kazini Muscat, ni vyema kuuliza kwa maandishi kama inalipia uzazi, upasuaji, na matunzo ya mtoto njiti. Bima nyingi za safari hazilipii uzazi wa kawaida.

Karatasi za mtoto

Mtoto wa baba Muomani ni Muomani popote azaliwapo, na sheria ya uraia iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 17 ya mwaka 2025 haikubadilisha hilo. Kwa mtoto wa wageni wanaofanya kazi Oman, safari ya karatasi ni ndefu zaidi: cheti cha kuzaliwa kutoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, au RITA kwa Bara, kisha pasipoti, kisha viza ya kujiunga na wazazi.

Hapo inakuja hesabu nyingine. Kibali cha ukaazi Oman huwa hatarini mwenye nacho akikaa nje zaidi ya miezi sita. Mke aliyeondoka na mimba ya wiki 28, akajifungua kwa wakati na akabaki kwao hadi mtoto afikishe siku 98, atakuwa amekaa nje siku 182. Pasipoti ya mtoto ikichelewa wiki mbili tu, mama anaweza kujikuta hana pa kurudi. Naye baba aliyebaki Al Khuwair ana likizo ya siku saba tu ya kumwona mtoto, na siku mbili kati ya hizo huishia njiani.

Wasiokuwa na likizo

Wapo wengine katika majumba hayohayo ya Al Khuwair ambao mjadala huu hauwafikii. Ni watumishi wa nyumbani kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Wao husimamiwa na kanuni zao mbali, na ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Novemba 2017 kuhusu watumishi wa Kitanzania nchini Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu ilieleza habari za pasipoti kushikwa na waajiri na saa za kazi zisizo na mwisho. Mtumishi akipata mimba, tarehe ya kusafiri haipangwi na daktari wala yeye mwenyewe. Akiwa hana cheti cha ndoa, huogopa hata kwenda kliniki, kwa kuwa sheria za Oman zinahesabu mahusiano nje ya ndoa kuwa ni kosa. Huyo hupanda ndege na mimba kubwa iliyofichwa chini ya baibui, bila barua, bila rekodi ya vipimo. Balozi za nchi zetu zikitaka pa kuanzia, zianze kwa hawa: kuwarejesha nyumbani mapema, kwa heshima na bila maswali mengi.

Nini cha kufanya

Kwa anayeweza kuchagua, njia mbili ni salama kuliko nyingine. Ya kwanza ni kuondoka mapema, kabla ya wiki ya 32, akiwa na nakala za vipimo vyote, hospitali aliyokwisha kuizungumza nayo huko aendako, na mahali pa kukaa palipo karibu nayo, si shamba. Ya pili huwa rahisi zaidi kwa mfuko, ingawa haifikiriwi na wengi: mjamzito abaki Muscat, na bibi ndiye asafiri. Viza ya kutembelea jamaa na tiketi ya mtu mmoja huwa nafuu kuliko tiketi za familia, pasipoti ya haraka na hospitali isiyojulikana. Mila haisemi binti lazima afuate nyumba. Inachotaka ni kwamba siku ile awe na mama yake, na mama ana miguu ya kusafiri.

Lakini busara ya familia moja moja haiondoi wajibu wa wenye mamlaka. Oman ilipoongeza siku 98 ilionyesha kuwa inaweza kuwasikiliza wanawake wanaofanya kazi. Kuwaachia wachague siku hizo zianze lini ni jambo dogo zaidi. Hadi hapo litakapofanyika, wanawake wataendelea kuandika neno "likizo" kwenye fomu na kupanda ndege huku wakihesabu wiki kwa vidole.