Kukiri Kosa la Uhujumu Uchumi: Anachopaswa Kujua Mshtakiwa wa Rungwe Kabla ya Hukumu

Wilayani Rungwe, fedha za umma hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika benki. Ushuru wa ndizi na viazi hukusanywa kwa mashine za POS, na anayezishika ni mtumishi au wakala wa kijijini. Inapobainika kuwa makusanyo hayakuwasilishwa, anayeitwa TAKUKURU huenda akawa mtu ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani.

Kinachomshtua kwanza ni uzito wa shtaka. Marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, yaliweka kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30. Kesi ya aina hiyo haisikilizwi bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP), na Mahakama ya Wilaya mjini Tukuyu huhitaji pia hati yake ili iwe na mamlaka ya kuisikiliza. Siku za mwanzo, basi, huwa za kusubiri. Anayeshtakiwa kwa utakatishaji fedha huzisubiri akiwa rumande, kwa kuwa kosa hilo halina dhamana.

Ndipo linapokuja suala la kukiri. Septemba 22, 2019, Rais John Magufuli alitoa siku saba kwa washtakiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa tayari kukiri na kurejesha fedha. Siku chache baadaye DPP, Biswalo Mganga, aliwasilisha taarifa ya washtakiwa 467 waliokuwa tayari kurejesha zaidi ya Shilingi bilioni 107. Mwaka huohuo Bunge liliingiza makubaliano ya kukiri kosa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.

Wananchi wengi walibaki na picha kwamba anayelipa huachiwa. Sivyo. Makubaliano hayo hufanyika kati ya upande wa mashtaka na mshtakiwa au wakili wake. Mahakama haishiriki katika majadiliano, bali humhoji mshtakiwa kwa kiapo ili kujiridhisha kwamba amekubali kwa hiari na anaelewa anachokubali. Akikiri, hutiwa hatiani. Hupoteza pia haki ya kukata rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Iwapo alilaghaiwa au kulazimishwa, sheria inamruhusu kuomba makubaliano yatenguliwe, lakini njia hiyo ni ngumu kuliko kuuliza maswali kabla ya kutia saini.

Ushauri wa kisheria, kwa hiyo, ndio unaotangulia marejesho. Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wapo wanaouza shamba la chai la ukoo kwa haraka ili wapate cha kurejesha, kabla hata kiasi kinachodaiwa hakijahakikiwa. Hasara hiyo huiangukia familia isiyoshtakiwa.

Wakati wa shufaa, risiti za marejesho, umri, afya, wategemezi na muda uliotumika rumande vielezwe kwa vielelezo, si kwa machozi pekee. Kifungo kikitolewa, sheria ya magereza humpa mfungwa mwenye mwenendo mwema msamaha wa theluthi moja ya adhabu. Nyumbani, nani atasaini benki, nani atalipa ada na nani atasimamia shamba ni mambo ya kupangwa mapema, mshtakiwa akiwa bado nje kwa dhamana.