Dawa Kidogo, Wagonjwa Wengi: Nani Atangulie?



Tangu masomo yameanza, mu dortwari maneno ni moja: dawa ya malaria ya enfirmeri haitoshi. Wengine wanasema wapewe kwanza wale wazazi wao wamelipa minervali yote. Mimi nakataa.

Tukumbuke Ebola huku kwetu Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Chanjo haikupewa kila mtu. Waliuliza: nani aligusa mgonjwa ao aliishi naye? Huyo kwanza. Kiisha wale waliokutana na huyo, pamoja na waganga na wauguzi. Mfanyabiashara mwenye magari, kama hakukaribia mgonjwa, alipashwa kungoja. Mama wa kuuza mihogo aliyemwuguza ndugu yake alitangulia. Watu walinungunika sana, lakini kanuni ile ilikuwa ya haki: ilifuata hatari, haikufuata mfuko. (Nasema kanuni. Kama wote waliifuata, ile ni neno lingine.)

Sasa tutazame upande wa pili. Ebola ile iliua watu zaidi ya 2.200. Wakati uleule surua iliingia mikoa yote 26 ya inchi yetu, ikaua zaidi ya 6.000, wengi wao watoto wadogo. Je, nani aliona magari meupe yakikimbilia surua? Najua mtajibu: Ebola iliua karibu wawili kwa watatu, ilifaa kuogopwa. Ni kweli. Lakini chanjo ya surua iko tangu zamani, na bei yake ni kidogo tu. Mama aliyezika mtoto wa surua, tumwambie nini? Mtoto wake alikosa tu kuogopesha watu wa mbali.

Njo maana nasema minervali inaonyesha nguvu ya baba, haionyeshi homa. Bwana muuguzi apime damu. Mwenye hali mbaya apelekwe hospitali mara moja. Wengine wafuate ukali wa ugonjwa, hata mimi kapita nikae mu mustari. Kanuni ibandikwe mlangoni. Na wawili wakilingana, dozi ikibaki moja? Tusiigawanye, nusu dozi haiponyeshi. Wapige kura mbele ya watu.

Ombi tutalipeleka kwa Bwana Prefe siku ya kwanza. Anayepinga aandike jibu, stensili ingali iko.

Kapita wa wanafunzi, finalisti