Krismasi ya Butura

Kila Majilio yakianza, sisi wachungaji tunapanda mimbarani na mahubiri yaleyale. Tunasema watu wamesahau maana ya Krismasi. Tunawasema kwa nguo mpya, kwa nyama, kwa pombe, kwa muziki wa baa za barabarani. Tunawaambia wametekwa na pilikapilika za dunia, ndiyo maana furaha ya Bwana haikai mioyoni mwao. Waumini wanaitikia amina. Kisha tunafungua daftari na kuanza kutangaza michango.

Nimehubiri hivyo miaka mingi. Sasa nasema tuache, maana tunamlaumu mgonjwa kwa homa tuliyomwambukiza wenyewe.

Mtazame mkulima wa huku Kiruruma mwezi wa Desemba. Mvua bado inanyesha, na maharage yakichelewa kung'olewa yataota yakiwa shambani. Watoto wako likizo, wanakula. Ndugu wanafika kutoka Mwanza na Dar es Salaam, na mgeni hapewi ndizi tupu. Januari inakuja na sare, madaftari na viatu. Na kahawa, ambayo ndiyo fedha yetu, iko mtini ikiwa changa. Itachumwa katikati ya mwaka ujao. Kwa kifupi, katika miezi yote kumi na miwili hakuna mwezi ambao mfuko wa mkulima ni mwepesi na mahitaji yake ni mazito kama huu. Ndio mwezi tuliouchagua sisi kumwambia akamilishe ahadi ya mwaka, alete sadaka ya Krismasi, achangie bati, achangie sare ya kwaya, amkumbuke mwinjilisti wa mtaa. Na asiyekamilisha, jina lake linasomwa.

Atatoa wapi? Atatoa butura.

Kwa msomaji asiye wa Kagera nieleze. Butura ni kuuza kahawa ingali mtini, wakati mwingine ingali maua. Mwenye fedha anakuja shambani, anatazama mibuni, anakadiria kwa jicho, anataja bei. Mwenye shida hana nguvu ya kubishana. Anapokea, na msimu ukifika, mnunuzi anachuma. Serikali imekataza, viongozi wanaikemea kwenye mikutano, nayo inaendelea, kwa sababu inafanyika jioni kati ya watu wawili wanaofahamiana, na hakuna karatasi.

Mwaka fulani, wiki moja kabla ya sikukuu, mama mmoja mjane alinijia na bahasha. Alikuwa na ahadi ya nyuma, na jina lake lilikuwa limesomwa mara mbili. Ndani mlikuwa na shilingi 80,000. Nilimwombea, nikamsifu, na Jumapili nikamtaja kama mfano wa imani. Mwezi wa saba nilipita kwake, nikakuta vijana nisiowajua wanachuma mibuni ya nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa amekaa barazani akipepeta maharage. Nikamuuliza, "Mama, umepata vibarua?" Akasema, "Hapana, Mchungaji. Hiyo ni ile bahasha yako."

Walitoa magunia matatu ya maganda. Ajuaye bei ya kahawa apige hesabu mwenyewe. Na aliyenunua ni mzee wa kanisa, mtu mwema kwa mengi, anayekaa kiti cha mbele na ambaye husimama kunisaidia kupokea sadaka. Kwa hiyo fedha ilitoka mkononi mwake, ikapita kwa mjane, ikaja kwenye kikapu alichokishika yeye, na kahawa ikaenda kwake. Mimi katikati nilitoa baraka.

Tulipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa 1517 hadi tukaiota: Luther alivyochukizwa na neema kufanywa bidhaa. Hatukukaa sana na Luther wa 1524, aliyeandika juu ya biashara na riba na kuwakaripia wenye mitaji kwa namna wanavyouza na kukopesha. Luther huyo hana wimbo kwenye sikukuu ya Matengenezo. Labda kwa sababu angeanza kuuliza nani anakaa kiti cha mbele.

Nehemia aliuliza. Sote twapenda sura ya 8, ambapo watu wanaambiwa waache kulia, wale vinono, wanywe vitamu, wawapelekee wasioandaliwa kitu, kwa kuwa furaha ya Bwana ni nguvu yao. Nimeihubiri mara nyingi mwezi wa Desemba. Lakini kabla ya sura ya 8 kuna ya 5. Humo watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na mizabibu yao wapate nafaka, na wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme. Wakopeshaji ni ndugu zao. Nehemia anakasirika, anawaita wakuu hadharani, anataka mashamba yarudishwe siku hiyohiyo. Yeye na watu wake nao walikuwa wamekopesha, na anajihesabu pamoja nao. Sisi tunataka sura ya 8 bila ya 5.

Najua nitakachojibiwa. Watu hawauzi butura kwa ajili ya kanisa tu. Wanauza kwa ajili ya nyama na bia pia. Kweli. Nawajua wanaume waliokunywa mibuni yote mitini na wake zao hawakuulizwa. Hao niwakemee, na nitawakemea. Lakini nitawakemeaje kwa kuuza kahawa changa wapate bia, ikiwa nimempongeza mwingine kwa kuiuza apate bahasha? Tena nitaambiwa hesabu hufungwa 31 Desemba. Hesabu zifungwe. Nani alisema ahadi zisikusanywe Agosti, fedha ya kahawa inapokuwa mkononi? Kalenda ya hesabu haikushuka Sinai.

Na ile furaha tunayodai watu wameipoteza, mimi naiona kila mwaka pale ambapo hatujaweka mkono. Naiona kwenye mkesha, mvua ikipiga bati hadi kwaya inaimba kwa kukisia. Naiona kwenye igizo la watoto, ambapo kila mara kuna mwenye nyumba ya wageni mkali anayemfukuza Mariamu (Luka hamtaji kabisa mtu huyo, lakini jaribu kumnyang'anya mtoto nafasi hiyo uone). Naiona kwa akina mama wa mtaa mmoja waliochanga kidogokidogo tangu mavuno ya kahawa, wakanunua ng'ombe mmoja, wakagawana nyama asubuhi ya sikukuu bila deni. Nyumba hizo zilicheka. Hata Yusufu na Mariamu walikuwa na Desemba kama yetu, njiani kwa amri ya Kaisari aliyetaka watu waandikishwe, mahali pa kulala pamejaa. Malaika hakuwaongezea mchango.

Mwaka huu nilipeleka mambo mawili kwenye baraza la wazee. La kwanza, tusisome majina tena, na ahadi tuzikusanye msimu wa kahawa. Lilipita, ingawa mhazini alinuna. La pili, zile 80,000 tumrudishie mama yule, na mzee aliyenunua arudishe thamani ya magunia ikizidi fedha yake. Hapo tulikaa saa tatu. Mmoja alisema sadaka ikishaombewa hairudi. Mwingine akasema tukianza na mmoja watakuja wengi, na mimi nikamwambia ndiyo, watakuja wengi. Mzee mwenyewe alikuwepo, hakusema neno, ila alipotoka alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida.

Hoja imewekwa kiporo hadi kikao cha Januari, kwa sababu Desemba tuna mambo mengi.